Mchambuzi wa Muvi za Kutisha, Sumbawanga Sio Vazi Lako la Halloween

Oktoba ikiingia tu, mitandao inageuka makaburi. Watu waliokuwa wanaposti mapishi na stori za mapenzi ghafla wanakuwa wataalamu wa mizimu. Maboga ambayo mama zao huyapika kwa karanga wanayatoboa macho, wanawasha mshumaa ndani, picha inapanda saa mbili usiku. Poa tu. Kila mtu na bando lake.

Ishu inaanzia kwa wachambuzi wa muvi. Yupo mmoja pale Dar, jina lake halitatajwa hapa maana ataligeuza kiki, ila wanaomfuata watamjua: kijana mwenye sauti ya kukwaruza ambayo ukimkuta dukani hana, taa nyekundu nyuma ya mgongo, na kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 31 Oktoba anachambua muvi moja ya kutisha kila siku. Ukweli usemwe, kuangalia muvi 31 kwa siku 31 na kutoa video kila usiku sio kazi ndogo. Madogo kibao wameanza kupenda muvi za kutisha kwa sababu yake. Ndiyo maana anachokifanya kinauma.

Msimu uliopita aliongeza manjonjo. Alijifunga kaniki, akaning'iniza hirizi tatu shingoni, akakaa juu ya ungo, na msimu mzima akauita kwa jina la Sumbawanga. Nyota akazitupa. Muvi kali inapata nyungo tano, muvi mbovu inapata ungo mmoja uliotoboka. Na kila video inaishia na sentensi ileile, kwamba muvi hii inatisha lakini "bado haijafika Sumbawanga".

Watu walicheka sana. Laiki zikamiminika. Na pale kwenye komenti, wenyeji wa Rukwa walioandika kistaarabu kabisa kwamba hawajapendezwa walijibiwa hivi: "Basi usituroge." Mwingine akaandika anatokea Sumbawanga na hajawahi kuona mchawi maisha yake yote. Akajibiwa: "Mchawi hajioni."

Hilo jibu lishike vizuri, maana ndilo moyo wa jambo lote. Ukikaa kimya, wewe mchawi. Ukikataa, wewe mchawi zaidi. Hakuna mlango wa kutokea. Muvi nyingi nzuri za kutisha zimejengwa juu ya mtego huohuo, na mtu anayejiita mchambuzi wa muvi hizo aliutega mwenyewe kwenye ukurasa wake bila kujua kama ameutega.

Tuanze na kazi yake kwanza, halafu ndipo tuje Ufipa.

Siku ya muvi ya "Halloween" ya John Carpenter, ile ya mwaka 1978, alitumia dakika nne. Dakika tatu zilikuwa kupiga kelele na kuigiza anachomwa kisu. Dakika moja ilikuwa kusimulia, na alichosimulia kilikuwa trela. Hakusema kwamba muvi ile ilitengenezwa kwa hela ya mawazo, kama dola 325,000 hivi, kwa Hollywood hiyo ni hela ya chai. Hakusema kwamba kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani chini ya dola mbili, kinyago cha sura ya mwigizaji wa "Star Trek", wakakipaka rangi nyeupe, na leo dunia nzima inakiogopa. Hakusema kwamba ule muziki wa kinanda unaokufanya uangalie nyuma ya mlango aliutunga Carpenter mwenyewe. Sasa fikiria kijana wa Sumbawanga au Mpanda mwenye simu ya kamera, hana mtaji, ana stori. Hizo habari zingemsaidia kiasi gani? Badala yake aliambiwa ni nyungo nne.

Ikaja "Get Out" ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Hapa ndipo aliharibu zaidi. Muvi ile ilishinda tuzo ya Oscar ya mswada, ni muvi ya Kimarekani kwa asilimia zote, lakini wimbo unaosikika majina yanapopita mwanzoni umeimbwa kwa Kiswahili. Unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", umetungwa na Michael Abels. Ni onyo. Wahenga wanamuonya jamaa kabla hajaenda ukweni. Wamarekani walikaa kwenye kumbi zao wakasikia sauti nzuri tu, hawakuelewa kitu. Anayejua Kiswahili ndiye mtazamaji anayepewa onyo mapema kuliko wote. Hiyo ni zawadi ambayo mchambuzi wa Kiswahili hapewi kila siku. Yeye? Aliruka hapo, akaenda moja kwa moja kwenye kikombe cha chai na kijiko, akasema mama mkwe yule "lazima alipita Sumbawanga kusomea".

Kijana, wimbo wa Kiswahili ulikuwa unakuongelesha masikioni na wewe unatafuta mchawi Rukwa.

Haya, Rukwa yenyewe. Hilo jina ambalo wanalitumia kama kengele ya hofu, wenyeji wanalisimulia kivingine kabisa. Kwa Kifipa inasimuliwa kwamba "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi. Yaani tupa uchawi. Mgeni ukija, yako ya hukohuko kwenu yaache nje, humu hatuingii nayo. Mji mzima umeitwa kwa tangazo la kukataa kitu, halafu nchi nzima inautaja kama duka la hicho kitu. Ni sawa na kuona bango la "usivute sigara" ukaenda pale kuomba kiberiti.

Stori zenyewe kila mtu anazijua. Ukilala gesti Sumbawanga unaamkia nje kwenye majani. Ukidai deni unapigwa radi. Mtu ukimuuliza alilala gesti gani, mwaka gani, anasema aliambiwa na shemeji yake. Shemeji naye aliambiwa na dereva wa lori.

Radi ipo, hakuna anayekataa. Uwanda wa Ufipa uko juu, mji wenyewe uko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, sehemu kubwa wazi, mashamba na majani mpaka macho yachoke, na mvua zikianza Novemba zinakuja na kishindo. Ukiwa mtu pekee uliyesimama katikati ya shamba la mahindi, radi haihitaji mganga wa kukuonyesha kwake. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita katika shule moja mkoani Geita. Nchi ililia, na ilistahili kulia. Hakuna mchekeshaji aliyetengeneza kipindi cha "radi za Geita". Ingekuwa Sumbawanga, wale watoto wangezikwa pamoja na utani.

Na kuhusu Halloween yenyewe, hapa kuna kichekesho ambacho jamaa hakukiona. Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. Sasa mkoa gani unaijua sikukuu hiyo? White Fathers waliweka kambi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko Ukatoliki ukapanda juu Ufipa ukakaa. Tarehe 1 Novemba Sumbawanga watu wako kanisani. Tarehe 2, siku ya Marehemu Wote, wanawaombea wafu wao, wengine wanakwenda makaburini, wanang'oa magugu, wanasimika upya msalaba uliolala. Wakati wewe umevaa meno ya plastiki Masaki unasema unasherehekea wafu, kuna bibi Ufipa anafagia kaburi la mumewe kwa ufagio wa mkono. Nani hapo anaijua sikukuu?

Turudi kwa mchambuzi. Usiku mmoja akiwa mubashara alimpigia simu mzee mmoja wa kule, namba alipewa na mtu. Waliokuwepo wanakumbuka mazungumzo yalivyokwenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka Dar mzee wangu, tuko na watu kama elfu nne hapa wanakusikiliza. Wanauliza, leo usiku huko mnaruka saa ngapi?"

Kimya kidogo. Huku jamaa anajizuia kucheka, ameziba mdomo na hirizi.

"Tunaruka wapi mwanangu? Sisi saa hizi tunatayarisha mashamba. Mvua iko karibu. Mbolea ndiyo bado hatujapata."

"Mzee usinifiche bwana! Ungo hauna mafuta?"

"Ungo ninao. Wa kupepetea." Halafu mzee akauliza, kwa upole kabisa, "Na huko kwenu Dar waganga hawapo?"

Simu ikakatwa. Vicheko kwa wingi. Kwenye klipu iliyobaki ukurasani kwake, swali la mwisho la mzee limeondolewa.

Lakini swali lile ni zuri kuliko video zake zote 31. Waganga wako wapi? Tembea Dar leo kutoka Mwenge mpaka Mbagala, angalia nguzo za umeme. Vibango vimejaa: mganga kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi, anavuta mali, anasafisha nyota, piga namba hii. Vibango vimebandikwa Dar. Biashara inabandika tangazo pale wateja walipo. Anayetaka kurudishiwa mpenzi kwa siku tatu yuko Kinondoni, anayetaka cheo yuko ofisini mjini, anayetaka timu ishinde yuko uwanjani. Neno "Sumbawanga" kwenye kile kibango ni lebo tu, kama fundi wa Kariakoo anayeshona shati na kulibandika jina la Italia. Kwa hiyo kama kuna muvi ya kutisha ya uchawi wa Tanzania inayosubiri kutengenezwa, sehemu yake kubwa itapigwa picha Dar es Salaam, ndani ya gari zuri lenye vioo vya giza, limeegeshwa kwa mganga saa tano usiku.

Wapo watakaosema: jamani ni utani tu, mbona mnakuwa wakali. Sawa. Utani Tanzania una mila yake, na mila hiyo ina masharti. Mtani anakutania ukiwa unamwona. Mtani ukimrudishia, anakaa anapokea. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja msibani, anachukua jeneza kwa fujo, anachekesha wafiwa, anachimba kaburi. Ndiyo maana anaruhusiwa kusema asichoruhusiwa mwingine. Mchambuzi huyu amezika nani Ufipa? Amefika lini? Lami kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga ipo, kilomita mia mbili na ushee, basi linafika. Hajawahi kupanda. Yeye anachukua raha ya utani na gharama anamwachia mwenzake.

Gharama yenyewe ndiyo hii. Muulize kijana yeyote wa Sumbawanga aliyekwenda chuo Dodoma au Dar. Siku ya kwanza anajitambulisha, darasa zima linasema "eeeh". Mwenzake wa chumba anahamisha kitanda "kwa utani". Binti anapelekwa ukweni, mama mkwe anasikia mkoa, anaweka kijiko chini. Hakuna kesi ya kupeleka popote hapo, hakuna tusi lililotukanwa. Wengine wameshajifunza kusema wanatoka Mbeya.

Na hiyo ndiyo sehemu nyepesi.

Sehemu nzito ni kwamba imani ya uchawi kule ipo kweli, kama ilivyopo Shinyanga, Tanga, Njombe na Temeke, na inaua watu kweli. Wanaouawa hawafi kwa mchawi anayeruka. Wanakufa kwa binadamu wenye mapanga walioamini stori. Februari 2013, mkoani Rukwa, ndani ya siku chache tu, mwanamke mwenye ualbino alikatwa mkono nyumbani kwake usiku, na mtoto wa miaka 10 akakatwa mkono akiwa njiani kutoka shule. Machi 2015, mkoa huohuo, mtoto wa miaka 6 akakatwa kiganja. Januari mwaka huohuo serikali ilikuwa imeshapiga marufuku wapiga ramli nchi nzima kwa sababu ya mambo haya. Watu walionunua viungo vile waliamini dawa ya kutoka "kwenye uchawi mkubwa" ina nguvu. Na kuna kazi gani nyingine inayofanywa na ule utani wa kila siku, zaidi ya kuitangazia bidhaa hiyo ubora wake bure? Ukisema mara 31 kwa mwezi kwamba hakuna panapotisha kama pale, kuna mtu mmoja kati ya maelfu anayekusikiliza hacheki. Anaandika namba ya simu.

Halafu wazee. Ufipa ina historia yake hapa, na ni muvi tosha. Mwaka 1963 na 1964, uhuru bado mbichi, lilipita vuguvugu vijijini likaitwa Kamchape. Vijana wanaingia kijijini na dawa, wanakusanya watu, wanatangaza wamekuja kusafisha uchawi, wanapekua nyumba kutafuta pembe na vibuyu, wanawachanja chale waliotajwa, na hela inatoka. Mtafiti Mwingereza Roy Willis aliishi Ufipa miaka hiyo, akaandika kuhusu jambo hilo mwaka 1968, na alichokiona ni ugomvi wa rika: vijana upande mmoja, wazee wenye mashamba na sauti upande wa pili. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, vuguvugu kama hilo lilikuwa limepita ng'ambo, Zambia na Malawi za leo. Na halijaisha. Kamchape, au lambalamba kama wanavyoitwa siku hizi, bado wanaingia vijiji vya mikoa ile, bado serikali inawafukuza, bado wanarudi.

Fikiria hiyo kama muvi. Kijiji kimetulia, ukungu wa asubuhi wa Ufipa umeshuka mpaka usawa wa paa, halafu kwa mbali unasikia vijana wanakuja wakiimba. Kila mzee anaingia ndani kuhesabu vitu vyake: pembe ya ng'ombe aliyoachiwa na baba yake, chupa ya mafuta, kibuyu cha tumbaku. Kipi kati ya hivi kitaitwa uchawi leo? Hakuna zimwi hata moja na nywele zinasimama.

Zanzibar nao wana yao. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipopamba moto, watu walilala nje kwa makundi, na leo ni kichekesho, watalii wanauziwa stori. Wanachosahau kutaja ni kwamba mwaka huo Unguja mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa na umati ukidhani ndiye. Popobawa hakuua mtu. Umati uliua.

Sasa, mchambuzi akisema hapakuwa na muvi za kuchambua zaidi ya za Wazungu, hilo nalo ni uvivu. Bongo ilishaanza zamani. Mussa Banzi alitoa "Nsyuka" na "Shumileta" mwanzoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati huo wachambuzi wengi wa leo wako chekechea. "Nsyuka" hata jina lake halikukopwa Hollywood, ni neno la Wanyakyusa la aliyekufa akafufuka. Marehemu Steven Kanumba naye aliingia huko na "Devil Kingdom", akamleta Ramsey Nouah kutoka Nigeria. Je, zina makosa? Kibao! Sauti inapotea, meno ya mzimu yanataka kudondoka, umeme wa radi ni wa kompyuta ya intaneti kafe. Ndiyo hizo zinahitaji mchambuzi. Carpenter hahitaji msaada wa mtu. Muvi ya Bongo inahitaji mtu akae aseme hapa ulipatia, hapa ulikosea, hapa ulimuiga Mnigeria bila sababu. Katika misimu yake yote jamaa hajagusa hata moja.

Ipo "White Shadow" ya mwaka 2013, ya Noaz Deshe. Imeigizwa kwa Kiswahili, Tanzania hii hii. Kijana mwenye ualbino anashuhudia baba yake akiuawa, mama anamtorosha mjini kwa mjomba, na mjini nako anawindwa. Ilichukua tuzo Venice ya muvi bora ya kwanza ya mtengenezaji. Ukimaliza kuitazama hulali, na kinachokunyima usingizi ni kwamba wanaomwinda hawana pembe, wana simu na bei mkononi. Haimo kwenye muvi 31.

Na ipo nyingine, hii ni ya majirani kabisa. Kutoka Sumbawanga ukishuka mpaka Kasesya umeingia Zambia. Rungano Nyoni, Mzambia aliyekulia Wales, alitoa "I Am Not a Witch" mwaka 2017, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya BAFTA ya kazi ya kwanza. Mtoto wa kike anatuhumiwa uchawi kijijini. Mama mmoja alidondosha ndoo ya maji, mtoto alikuwa amesimama pale anaangalia, kesi imeisha. Polisi anamuuliza, wewe mchawi? Mtoto anakaa kimya. Anapelekwa kwenye kambi ya bibi wachawi, anafungwa utepe mweupe mgongoni ili asiruke, anaambiwa akiukata atageuka mbuzi. Watalii wanakuja kupiga picha. Ofisa wa serikali anamzungusha kwenye televisheni kama bidhaa. Inachekesha, kweli inachekesha, ukumbi mzima unaweza kucheka, halafu katikati ya kicheko unagundua unacheka na wale watalii.

Mwangalie vizuri yule ofisa kwenye muvi, anavyomvalisha mtoto wa watu nguo za kichawi ili apate umaarufu. Halafu mwangalie kijana wa ungo na hirizi tatu.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba uchambuzi mzuri wa muvi za kutisha upo, na upo palepale anapopatania. Ingia kibanda umiza chochote cha Sumbawanga mjini, Majengo au Mazwi huko, jioni ya Jumamosi. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki muvi za leo. Ndani benchi za mbao, luninga iko juu kwenye kona, spika imefungwa kwa waya, na kwa sababu kule kuna baridi ya kweli watu wamejibana wamevaa makoti. Muvi imetafsiriwa, kuna mtu anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za Wazungu, kazi ambayo akina Lufufu waliifungulia njia Bongo na kina DJ Afro wakaipaisha Kenya. Mzimu unatokea. Nusu ya ukumbi inaruka, nusu inabishana.

"Huyu kwa nini anaingia chumba cha chini na umeme umekatika? Sisi tungekuwa tumeshafika Laela!"

"Nyumba aliuziwa bei ya chini. Mwenyewe hakujiuliza?"

"Muulize jirani! Hawa Wazungu hawaulizi jirani."

Huyo wa tatu amefanya uchambuzi. Muvi nyingi za nyumba yenye mizimu za Marekani zinawezekana tu kwa sababu familia imehamia mahali haijuani na mtu. Hakuna jirani, hakuna mjumbe, hakuna shangazi wa kuja siku ya kwanza kusema nyumba hii ina habari zake. Ukiileta stori hiyo Ufipa inakufa dakika ya kumi, kwa hiyo mtengenezaji wa hapa inabidi atafute hofu nyingine, hofu ya mahali ambapo kila mtu anakujua na siku moja wote wanakugeukia. Dogo wa benchi la nyuma aliyelipa shilingi mia kadhaa ameona hilo. Mwenye taa nyekundu, maikrofoni na wadhamini hajaliona.

Na madogo wale wanamfuata huyo mchambuzi, hilo lijulikane. Wanashusha video zake kwa bando la wiki, wanarushiana kwa simu. Wanaangalia mtu wanayemhusudu akiuvaa mji wao kama kinyago. Wanacheka pia, maana usipocheka utaulizwa kwa nini hucheki.

Oktoba inayokuja ameshatangaza atarudi na ungo, safari hii mkubwa zaidi, umepakwa rangi. Usiku wa tarehe 1 aweke kando huo ungo aangalie "White Shadow". Usiku wa tarehe 2 aangalie ile ya Nyoni. Tarehe 3 ampigie tena yule mzee, amwamkie, na safari hii asikate simu. Halafu awashe kamera awaambie watu wake hizo mbili amezipa nyungo ngapi.